Kuvuka Mpaka kwa Chombo Chako: Vyeti Vinavyotakiwa Kabla ya Kung'oa Nanga

Baharini hakuna nguzo wala lango la kuonyesha mahali nchi moja inapokwisha na nyingine inapoanza. Nahodha atokaye Vanga kwa upepo mwema aweza kuingia maji ya Tanzania kabla jua halijapanda sana, wala asijue. Hata hivyo mpaka upo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, mstari wao ulianzia penye mlango wa Mto Umba. Na mpaka wa baharini, upitao kati ya pwani ya Kenya na kisiwa cha Pemba, ulikubaliwa na Serikali za Kenya na Tanzania kwa barua walizopelekeana mwaka 1975 na 1976.

Watu wengi wenye mashua, majahazi na boti za mashine hudhani ya kuwa ruhusa ya kuvuka mpaka huo ni karatasi moja, itolewayo na ofisi moja. Sivyo. Yafaa ifahamike ya kwamba Serikali hukitazama chombo kwa njia tatu: kwanza ni chombo cha kusafiria, pili kimechukua watu, na tatu ni mali. Kila jambo lina ofisi yake na cheti chake, na cheti kimoja hakiwezi kushika mahali pa kingine. Mwenye chombo akilifahamu jambo hili moja, mengine yote huwa mepesi.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo, kama mtu, hutakiwa kuwa na kwao. Cheti cha usajili ndicho kinachoonyesha jina lake, namba yake, mwenyewe ni nani, na ni cha nchi gani. Katika Kenya kazi hii ni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Katika Tanzania Bara ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Na Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Pamoja na usajili huwapo ukaguzi wa usalama. Mkaguzi hutaka kujua kama mbao au mwili wa chombo ni mzima, kama mashine ni nzima, na kama maboya ya kujiokolea yanatosha watu wote waliomo.

Ikiwa nahodha siye mwenye chombo, ni vema achukue barua ya mwenyewe inayompa idhini ya kukivusha. Bila barua hiyo, afisa wa nchi ya pili atajuaje ya kuwa chombo hakikuibwa?

WATU WALIOMO

Kila mtu aliyemo, awe nahodha, baharia au abiria, ni msafiri mbele ya Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha nyumbani kisidhaniwe kuwa kinatosha kila mahali. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kutembeleana kwa vitambulisho, lakini mapatano hayo yalikuwa ya nchi hizo tatu. Aendaye Tanzania na achukue pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na agongewe muhuri wa kutoka kabla ya kuondoka. Inafaa pia kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mabaharia duniani pote hufuata desturi moja katika jambo la afya. Chombo kitokacho nchi nyingine hutweka bendera ya njano, maana yake waliomo ni wazima, nao wanaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa itolewe, haifai mtu kushuka.

CHOMBO NI MALI

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mbele ya Idara ya Forodha, si shehena peke yake iliyo bidhaa. Chombo chenyewe pia ni bidhaa, kwa kuwa chaweza kuuzwa katika nchi kilikofika. Kwa hiyo chombo kinachoingia kwa matembezi au kwa kazi ya siku chache huombewa kibali cha kuingia kwa muda. Kwa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, muda huo hauzidi miezi 12. Muda ukiisha, chombo hurudi kwao au hulipiwa ushuru. Kukiuza kabla ya hapo bila idhini ni kosa.

Wengine husema, "Siku hizi Afrika Mashariki ni moja, ushuru haupo." Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Bidhaa zilizotengenezwa katika nchi za Jumuiya husamehewa ushuru zikiwa na cheti cha kuonyesha asili yake, na mfanyabiashara mdogo mwenye mali isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani huweza kupata cheti chepesi. Lakini kusamehewa ushuru si kusamehewa kutoa habari. Bidhaa ambayo haikutajwa ni magendo.

Na adhabu ya magendo humwangukia zaidi mwenye chombo kidogo. Sheria hiyo ya mwaka 2004 yasema ya kuwa chombo cha chini ya tani 250 kilichotumiwa kuchukua magendo chaweza kutwaliwa na Serikali. Meli kubwa haipotei kwa sababu hiyo tu. Wenyewe hutozwa faini. Basi mwenye mashua aliyeweka akiba miaka mingi aweza kuipoteza kwa magunia machache ya rafiki yake ambayo hakuyauliza.

RUHUSA YA KUVUKA SI RUHUSA YA KUVUA

Tangu zamani wavuvi wa Pemba huvuka kwa pepo za kaskazi kwenda dago katika pwani ya Kenya, na wengi wao walifanya maskani huko. Kwa miaka mingi watoto wao walikaa bila vitambulisho, na asiye na kitambulisho hupata taabu kupata leseni ya kuvua au kuandikisha chombo kwa jina lake. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba hao kuwa raia. Habari hii yaonyesha jinsi karatasi iwezavyo kumpa mtu riziki yake au kumnyima. Mvuvi na ajue basi ya kuwa leseni ya kuvua ni jambo la peke yake, hutolewa na nchi yenye maji anamovua.

UTARATIBU WA SAFARI

Kwanza, nahodha aandike orodha ya watu na ya vitu vyote, hata mafuta na mashine ya akiba. Pili, aende forodhani na uhamiaji katika bandari ya kwao, apate kibali cha kuondoka. Tatu, aelekee moja kwa moja bandari iliyo na maafisa, kama Tanga au Mombasa, asipitie ufuo wo wote njiani. Nne, aonyeshe vyeti vyake kabla ya kushusha mtu au mzigo. Wakati wa kurudi hufanya vivyo hivyo.

Ada na fomu hubadilika mara kwa mara. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuuliza ofisini wiki kadhaa kabla ya safari, na kudai risiti kwa kila fedha inayolipwa. Vyeti vyote na vitiwe katika mfuko usioingia maji, kwa maana cheti kilicholowa hata kisisomeke hakitamsaidia nahodha mbele ya afisa.