RADA YA ANGANI NA VOLKANO YA NYIRAGONGO



Hapa Kizuka hakuna volkano. Lakini wengi wetu tuna jamaa huko Goma. Ukipigiwa simu kwamba "setilaiti imeona Nyiragongo italipuka kesho", utaamini? Soma kwanza.

Rada inafanyaje kazi?

Setilaiti kama Sentinel-1 ya Ulaya hupita karibu kilomita 700 juu yetu. Hutuma mawimbi ya redio, nayo hugonga ardhi na kurudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, na hufanya kazi usiku na mchana. Baada ya siku kadhaa setilaiti hupita tena, na vipimo viwili hulinganishwa. Ni kama tunavyopima mkono wa mtoto kwa utepe: kipimo cha pili, kikilinganishwa na cha kwanza, ndicho kinaonyesha kama mkono umepungua. Ardhi ikiinuka au kushuka hata sentimita chache, wataalamu huona.

Je, rada inatabiri mlipuko?

Si kila mara. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka bila ardhi kuonyesha dalili ya wazi kabla. Watu wapatao 30 walikufa. Lakini siku zilizofuata rada ilisaidia sana: ilionyesha kwamba magma (mawe yaliyoyeyuka) imesogea chini ya mji mpaka chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu ya Goma ihame. Watu wapatao 400,000 waliondoka. Mabomba ya maji yalikuwa yameharibika, na hofu ya kipindupindu ikawa kubwa.

Waambie jamaa zako hivi:

1. Uliza nani ametangaza. Mwaka 2021 amri ya kuhama ilitolewa na serikali, ikishauriwa na kituo cha volkano cha Goma (OVG), siyo na ujumbe wa simu usio na mwenyewe.
2. Amri ikitoka, ondokeni mapema. Chukueni dawa, vitambulisho na kadi za chanjo za watoto.
3. Maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa. Naweni mikono kwa sabuni.
4. Msilale mabondeni penye mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana. Inaua.

Kumbuka: rada hupima ardhi, haizuii moto. Usipuuze tangazo la kweli, wala usisambaze uvumi.