Simu ya Mgeni Mezani kwa Fundi

Nilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kubadilisha mfumo wa chaji wa simu yangu, fundi akanisogezea kigoda kando ya meza yake. Mbele yake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa foili, ileile inayofungiwa kuku wa kuchoma. Akakifungua taratibu, kunjo moja baada ya jingine, mpaka ikatokea iPhone nyeupe ndani ya kava la plastiki linaloonyesha. Ufa mwembamba ulikata kona ya juu ya kioo. Pembeni mwa vitufe vya sauti palikuwa bado na chembechembe za mchanga mweupe. Nyuma, kati ya kava na simu, palichomekwa kipande cha tiketi ya boti ya Unguja, kimekunjwa mara nne, wino umefifia kama uliopatwa na jasho.

Haukupita muda, kioo kikawaka chenyewe. Ikatokea picha ya mzee wa Kizungu ameketi kwenye kiti cha bustani, blanketi la miraba magotini, anacheka huku amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Juu ya picha kulikuwa na ujumbe wa Kiswahili kitupu. Mwenye simu aliomba apigiwe. Alieleza kwamba humo ndani zimo picha za mwisho za baba yake, na kwamba hatauliza chochote, atamlipa tu atakayeirudisha. Chini aliweka namba yenye msimbo wa nchi ya Ulaya. Fundi aliusoma ujumbe wote, nikiona macho yake yakienda mstari kwa mstari. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka wa kazi, akachukua bisibisi na kuendelea na yangu.

Nilimwuliza kwa nini asipige ile namba. Akasema, kaka, ngoja kwanza nimalize yako, tutaongea. Tuliongea mpaka maduka ya jirani yakaanza kufungwa. Aliomba nisitaje jina lake wala mtaa wake, na sitavitaja.

Fundi huyu si mwizi. Naandika hivyo nikijua wapo watakaoguna. Ameanza kazi enzi za simu za vitufe. Anaikumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima, na wateja waliofika asubuhi wakidhani fundi anaweza kuziwasha tena. Anasema mezani kwake huja simu za aina tatu: ya mwenyewe, ya anayedai ameokota, na ile inayokuja ndani ya foili. Hiyo ya tatu haulizi imetoka wapi. Foili huzuia mawimbi, na vijana wanajua kwamba kuzima simu hakutoshi tena, kwa kuwa tangu 2021 iPhone nyingi zinaweza kutafutwa na mwenyewe hata zikiwa zimezimwa. Zamani mwizi alichomoa laini, mambo yakaisha. Siku hizi wageni wengi wana laini ya kielektroniki iliyomo ndani ya simu, nayo haichomoki.

Kuhusu simu hizo zinavyopatikana, anasimulia kama mtu aliyesikia habari ileile mara nyingi mno. Mgeni ameshuka kwenye boti, begi mgongoni, jua usoni. Hajui hoteli iko upande gani, kwa hiyo anasimama ukingoni mwa barabara na kufungua ramani kwenye simu. Hapo ndipo pikipiki inapopita. Aliyekaa nyuma ananyoosha mkono mara moja tu. Anayekimbizana na begi ni mjinga, anasema fundi, kwa sababu begi lina mkanda na mkanda unamburuza mtu. Simu iliyo mkononi haina mkanda. Tena inakwapuliwa ikiwa wazi, na simu iliyo wazi ina bei yake mbali na iliyofungwa. Mwizi akiwahi kuingia ndani kabla haijajifunga, anaweza kubadilisha mengi. Asipowahi, amebaki na kipande cha kioo na chuma.

Na hicho kipande ndicho kinachofika kwa mafundi. Mwaka 2013 Apple waliweka kufuli linaloifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe. Hata ukiifuta yote, itauliza nywila yake. Mwaka 2024 kufuli hilo likasogezwa hadi kwenye vipuri, kiasi kwamba kioo, betri au kamera iliyotoka kwenye simu iliyofungwa hudai nywila ya mwenye simu kabla haijakubali kusetiwa kwenye simu nyingine. Fundi anaheshimu kazi hiyo. Anasema imewaharibia vijana biashara kuliko doria yoyote. Lakini simu za zamani kidogo bado zinapasuliwa, na kila kilichomo kina mnunuzi: kioo, kamera, spika, fremu, hata vile visehemu vya kwenye bodi visivyoonekana bila hadubini.

Mnunuzi huyo ni nani? Hapa fundi aliacha kazi kabisa, akaweka bisibisi chini. Ni mimi na wewe. Mteja anakuja kioo kimepasuka, anatajiwa bei ya kioo kipya, anashika kichwa. Anauliza kama hakuna orijino iliyotolewa kwenye simu nyingine, ya bei poa. Hiyo simu nyingine haiulizii. Fundi anasema katika miaka yake yote hajapata mteja aliyetaka kujua kioo anachowekewa kimetoka kwa nani. Wanauliza warantii tu.

Nikamwuliza kama yeye amewahi kununua vioo vya namna hiyo. Alinyamaza, akafuta meza kwa kitambaa chenye spiriti, akasema skrepa huja kwenye boksi, vipande mia vimechanganyika, na kioo hakina jina la mtu. Sikuridhika na jibu hilo. Sidhani hata yeye aliridhika nalo.

Basi kwa nini hapigi? Kwanza, dogo aliyeleta simu anaijua meza yake, na anajua fundi anapita njia gani akifunga usiku. Pili, na hili ndilo lililonikaa kifuani, anaogopa kituo cha polisi kuliko anavyomwogopa dogo. Sheria ya Kanuni za Adhabu inamshika anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Ni sheria nzuri, bila hiyo mnunuzi wa mali ya wizi angelala usingizi. Lakini machoni pa askari anayeingia kibandani, mtu aliyeshika simu ya mgeni ni yuleyule, awe anataka kuirudisha au kuiuza. Fundi anamfahamu mwenzake aliyepiga namba ya kwenye kioo. Mwenye simu alikuja na askari, shukrani hazikuwepo, na fundi yule akalala ndani mpaka ndugu zake walipokuja kumwekea dhamana. Baada ya hapo mafundi wa mtaa huo waliafikiana bila kikao: simu ya foili inarudishwa kwa aliyeileta, anaambiwa haifunguki.

Kwa hiyo simu inarudi kwa mwizi, na mwenye picha za baba yake anaendelea kusubiri.

Upande wa mgeni nao unajulikana. Anakwenda kituo cha polisi, anachukua RB, yaani namba ya taarifa yake, kwa sababu kampuni yake ya bima huko kwao itaidai. Baada ya siku chache anapanda ndege. Hata mshukiwa akikamatwa, nani atasimama mahakamani kusema simu hii ni yangu? Kijana anayekwapua simu ya mgeni anaijua hesabu hiyo. Simu ya jirani ina mwenyewe atakayefuatilia mpaka mwisho, ya mgeni mwenyewe yuko maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Sisemi haya kuichafua Dar es Salaam. Oktoba 2025 Polisi wa London walitangaza kuuvunja mtandao unaoshukiwa kupeleka China hadi simu 40,000 za wizi katika mwaka mmoja. Uchunguzi ulianzia kwa mtu mmoja aliyeifuatilia simu yake mpaka kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Simu hizo nazo zilifungwa kwa foili. Wizi ni uleule. Lakini polisi wale walikuwa na mlalamikaji aliyesikilizwa, na watu ghalani waliosaidia kulifikia boksi lenye simu.

Kwetu, fundi ndiye angekuwa mtu wa kusaidia. Yeye huiona simu ikiwa bado nzima, pengine saa chache tu tangu iibwe, na mara nyingi namba ya mwenyewe inamtazama usoni. Tumempa sababu zote za kuigeuza kifudifudi. Ninamlaumu kwa boksi la skrepa. Kwa ile simu nyeupe, sijui kama ningekuwa mezani kwake ningefanya tofauti, nikiwa na watoto nyumbani na dogo anayeijua njia yangu.

Msomaji unayetaka kununua simu iliyotumika kwa mtu, bonyeza *#06#, soma zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uzilinganishe na za kwenye boksi na risiti. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, na akupe nakala ya kitambulisho chake. Akianza kuzungusha maneno, ondoka. Ukipeleka simu kubadilisha kioo, uliza kimetoka wapi, hata kama utaonekana msumbufu.

Na kwa Jeshi la Polisi na TCRA, ombi langu ni moja. Wekeni mahali ambapo fundi anaweza kukabidhi simu ya namna hii, akapewa stakabadhi, akarudi kazini siku hiyohiyo bila kulala ndani. Watakaoitumia njia hiyo kujisafisha watajulikana kwa marudio yao. Wengine watarudisha mali za watu.