Tazama kitako cha chombo

Ukiingia kwenye makumbusho ya vioo, rangi zisikuvute kwanza. Inama utazame kitako cha chombo. Kilichopulizwa kwa mdomo wa binadamu mara nyingi huwa na kovu pale chini, kiduara chenye kukwaruza, mahali kilipobanduliwa kutoka kwenye fimbo iliyokishika kikiwa bado cha moto. Mafundi wengine hulisaga kovu hilo lisionekane. Mimi nawapenda wanaoliacha.

Haya niliyaelewa Corning, mji mdogo katika jimbo la New York, ambako kuna makumbusho makubwa ya vioo yaliyoanzishwa mwaka 1951 na kampuni ya vioo ya mji huo. Mtoto wa kaka yangu anaishi Rochester, mwendo wa kama saa mbili kwa gari, na ndiye aliyenipeleka. Marehemu baba yangu alikuwa mhunzi huko Upare na utoto wangu umepita kwenye mivukuto yake. Kijana analijua hilo. "Shangazi, tuanzie kwenye tanuri," akasema. "Hayo makabati yatatusubiri."

Kwenye tanuri kuna ukumbi unaoweza kuchukua watu 500, na mafundi hufanya kazi mbele yenu huku mwenzao mmoja akieleza. Fundi alichovya bomba refu la chuma ndani ya kioo kilichoyeyuka, joto likiwa zaidi ya nyuzi 1,100, akalitoa na donge linalong'aa rangi ya chungwa. Tangu hapo hakuacha kulizungusha. Angeacha kidogo tu, donge lingening'inia upande mmoja na kazi ingeharibika. Akalibingirisha juu ya meza ya chuma, akapuliza pumzi fupi, kisha akaziba tundu la bomba kwa kidole gumba. Hapo ndipo niliposogea mbele kwenye kiti. Ile hewa iliyonaswa ndani ilipata moto ikatanuka, na katikati ya donge kikachomoza kiputo, hali fundi ameshautoa mdomo wake kwenye bomba.

Akakaa kwenye benchi, kiganjani ameshika magazeti yaliyokunjwa na kuloweshwa maji, akalisugua donge lililowaka kwa gazeti hilo hilo. Moshi ulitoka, gazeti halikushika moto. Msaidizi alipiga magoti upande wa pili wa bomba, akawa anapuliza kila anapoambiwa. Kioo kilipoanza kuwa kigumu kilirudishwa motoni, kikatoka, kikarudi tena. Mwisho msaidizi akaleta fimbo ya chuma isiyo na tundu, ina tone la kioo cha moto nchani, akaigandisha kwenye kitako cha chombo. Fundi akadondosha maji kidogo shingoni, akagonga bomba mara moja, chombo kikaachana nalo. Sasa kilishikwa kwa kitako, na upande uliokuwa shingo ukafunguliwa kwa koleo ukawa mdomo. Kovu lile hutokana na fimbo hii.

Baba alikuwa na nafasi ya kukosea. Jembe likipinda, kesho analirudisha motoni na kulifua upya. Kioo hakikupi kesho. Kikiachwa kipoe hewani, nje husinyaa kabla ya ndani na chombo hupasuka, kwa hiyo huingizwa kwenye tanuri jingine lenye nyuzi karibu 480, nalo hupunguzwa moto polepole usiku kucha.

Kabla ya ufundi huu, chombo cha kioo kilijengwa kwa kuzungushia kioo laini kwenye kiini cha udongo, kisha udongo ukachokolewa. Ilikuwa kazi ya polepole kwa chupa ndogo ya manukato ya tajiri. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, watu wa eneo la Palestina na Shamu waligundua kwamba kioo kinapulizika, na haikupita miaka mingi mtu wa kawaida katika dola ya Kirumi akawa anakunywa kwenye bilauri. Bilauri hizo zipo Corning, nyembamba, baadhi bado zina viputo vidogo vilivyonaswa ndani ya kioo miaka elfu mbili iliyopita.

Jengo la sanaa ya kisasa, lililofunguliwa mwaka 2015, ni jeupe kila upande na mwanga wa jua huingia kutoka juu. Kazi iliyonishika ni thuraya ya Fred Wilson, Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, ya mwaka 2011. Inaitwa "To Die Upon a Kiss", jina lililotoka kwenye maneno ya mwisho ya Othello, yule jemadari mweusi wa Shakespeare aliyeutumikia mji wa Venisi. Sisi tuliosoma "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere, tunaujua mji huo kwa biashara na madeni. Wilson anawatafuta ndani yake watu weusi. Thuraya yake ilipulizwa na mafundi wa Murano, kisiwa jirani na Venisi, na rangi yake inahama tawi kwa tawi kutoka weusi wa makaa hadi kioo kisicho na rangi kabisa.

Nilipokuwa chini yake niliwaza shanga. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba mizigo ya shanga za Venisi, kwa kuwa ndizo zilikuwa fedha ya njiani, na mfanyabiashara aliyekosea rangi inayopendwa na watu wa sehemu fulani alikaa na mzigo wake. Zile ndogo nazo zilianza kwenye bomba: fundi alitia tundu kwenye donge la moto, watu wawili wakalishika huku na huku, wakakimbia kila mmoja upande wake mpaka likawa mrija mwembamba wa makumi ya mita, ukakatwa vipande na kuviringwa kwa moto. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana shanga za kale zaidi, zilizofukuliwa Kilwa. Kibao cha kuonyesha zilivyotengenezwa, pamoja na mchoro wa tanuri, hakingegharimu kitu kikubwa, nami ningepeleka wajukuu wakisome.