Bango, Chujio na Swali: Siku ya Utafiti Katika Vyuo vya Arusha

Sehemu ya pili

Abiria anayepanda daladala Arusha mjini kuelekea Usa River hupita katikati ya vyuo, na mara nyingi hajui. Tengeru ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayofundisha shahada za uzamili na uzamivu, na jirani yake vipo vyuo vya maendeleo ya jamii na vya mifugo. Patandi husomesha walimu wa elimu maalumu. Makumira, mahali palipokuwa na chuo cha theolojia cha Kilutheri, leo ni chuo kikuu chenye wanafunzi wa sheria, ualimu na muziki. Nyuma kabisa, jijini kwenyewe, Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, kilipojengwa kwa msaada wa Ujerumani. Daladala ikiipita Usa River, konda hupaza sauti kutaja kituo kingine: Maji ya Chai.

Jina hilo ndilo mlango wa sehemu hii. Wiki iliyopita makala haya yalieleza utafiti wa mwanafunzi unavyoanza, kuanzia pendekezo la kwanza hadi saini ya msimamizi. Leo ni zamu ya siku ya maonyesho: meza zimepangwa ukumbini, mabango yamebandikwa, na mwanafunzi aliyeishi na swali lake kwa miezi mingi analieleza kwa mtu asiyemfahamu.

Siku ya namna hiyo, au wiki nzima pale chuo kinapokuwa kikubwa, imezidi kushika nafasi katika kalenda ya vyuo vya Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ambayo huanzia kwenye ndaki na taasisi zake, kisha kazi zilizofanya vizuri hupanda hadi maonyesho ya chuo kizima. Kitaifa, tangu 2019 yapo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU, yanayowakutanisha watoto wa shule za msingi, wanafunzi wa vyuo na mafundi ambao hawajawahi kukaa darasa la ufundi. Ng'ambo, Chuo cha MIT cha Marekani kilianzisha mwaka 1969 mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao, na vyuo vingi duniani vikaiga. Mwaka huohuo wa 1969 una habari nyingine, inayowahusu Watanzania zaidi. Itakuja.

Kwanza maji. Mto unaopita Maji ya Chai una rangi ya kahawia, na wengi huamini kwamba rangi hiyo ndiyo inayoyaharibu meno ya watoto wa huku. Imani hiyo ina madhara, kwa sababu kinachoyaharibu ni floraidi iliyoyeyuka majini, nayo haina rangi, haina harufu, wala haina ladha ya kumshtua mnywaji. Maji meupe kabisa ya kisima yanaweza kuwa nayo kwa wingi kuliko yale ya mtoni. Asili yake ni mawe ya volkano ya Mlima Meru, mlima wenye zaidi ya mita 4,500 ambamo maji ya mvua hupenya taratibu yakibeba madini njiani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa kuwa kuna maeneo ambako kupata maji yaliyo chini ya hapo ilikuwa shida kubwa. Mtoto anayekunywa maji ya floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi hutokwa na meno yenye madoa ya kahawia, na mswaki hauyaondoi. Kipimo kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda na kukakamaa.

Kuchemsha hakusaidii. Kunazidisha, kwa sababu maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki.

Hapo ndipo bango la mwanafunzi linapokuwa na uzito. Tuseme meza moja ya siku ya utafiti inahusu chujio la mkaa wa mifupa. Njia hii imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, husagwa, huchekechwa, kisha hujazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Mezani kuna visahani vitatu. Cha kwanza kina chembe nyeusi tii: hizo zimechomwa sawasawa. Cha pili zimekuwa za kijivu zinazoelekea weupe, maana moto ulizidi na hewa ikaingia, na nguvu yao ya kunasa floraidi imeshuka. Cha tatu ni za hudhurungi. Moto wake ulikuwa mdogo, mafuta na nyama vikabaki, na maji yatakayopita humo yatanuka. Mgeni akishika chembe za kisahani cha kwanza na cha pili, akazisugua kwa vidole, anaelewa mengi kuliko ambavyo angeelewa kwa kusoma aya tano za tasnifu.

Mwanafunzi hueleza kwamba floraidi haizami ndani ya mfupa kama maji yanavyozama kwenye sifongo. Hunasa juu ya uso wa chembe na kukalia nafasi iliyokuwa na sehemu nyingine ya madini ya mfupa. Nafasi hizo zina mwisho. Zikijaa, maji hupita na floraidi yake yote, na kwa macho hakuna kinachobadilika: yanatoka meupe vilevile. Ndiyo maana sehemu ngumu ya utafiti kama huu ni kujua chujio la familia ya watu sita litachoka siku gani, na nani atawaambia.

Kazi iliyotoka Tengeru na kufika mbali ni ya Dk. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Nelson Mandela aliyezaliwa kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu. Chujio lake hutumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, kwa hiyo maji hupimwa kwanza, kisha chujio hutengenezwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, akiwa mshindi wa kwanza tangu tuzo hiyo ianzishwe. Kampuni aliyoianzisha ilibeba jina la kijiji chake. Habari hizi wanafunzi wa Arusha huzijua. Kinachosahaulika ni kwamba hata wazo la kiwango hicho huanza kama swali la mtu mmoja, na swali linaweza kufa mapema likikosa mahali pa kuulizwa.

Sasa ile habari ya 1969.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja aliwahi na maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akayaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado yakiwa uji. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani, na tangu hapo kila alipokosea wanafunzi walimtania kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kilichomwokoa ni mgeni. Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kutoa mhadhara, na mwisho akakaribisha maswali. Mpemba akauliza lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Hapo Osborne alijua kwamba lipo jambo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza, Mpemba wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilipotangaza shindano la kueleza jambo hilo, yalikuja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine walipima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba linatokea. Mjadala unaendelea, na jina la Mpemba limo ndani yake.

Waandaaji wa siku za utafiti wangefaidika kumkumbuka fundi yule wa maabara. Aliona matokeo kwa macho yake, akayashuku kwa kuwa hayakulingana na alichofundishwa. Kwenye maonyesho ya vyuo, kishawishi hicho kipo: mabango mengi huonyesha mashine iliyofanya kazi na grafu inayopanda vizuri. Mwanafunzi ambaye chujio lake lilishindwa baada ya wiki tatu huona aibu kulileta, ingawa sababu ya kushindwa kwake ingemsaidia mwenzake wa mwakani kuliko picha ya mafanikio. Majaji wanaweza kulirekebisha hili kwa jambo dogo tu, kutoa alama kwa maelezo ya kilichoharibika.

Upande wa sanaa una ugumu wake. Mwanafunzi wa muziki wa Makumira akileta zeze, kazi yake haimo kwenye bango. Imo kwenye nyuzi. Anaweza kuwa ameshinda kwa wapiga zeze wa Dodoma akipima sauti za kila uzi, akilinganisha na za piano, na kugundua kwamba mpangilio wao hauingii kwenye vidude vyeupe na vyeusi vya kinanda. Jaji aliyezoea majedwali huuliza matokeo yako wapi. Yanasikika, na ndiyo sababu siku ya chuo kizima inahitaji jukwaa pamoja na meza, na muda wa kutosha wa kumsikiliza mpigaji hadi mwisho. Sanaa ikiwekwa kama burudani ya kupumzisha wageni kati ya hotuba mbili, utafiti uliomo ndani yake haumfikii mtu.

Halafu kuna lugha. Mwanafunzi amesoma kwa Kiingereza, ameandika kwa Kiingereza, bango lake ni la Kiingereza. Siku ya maonyesho anasimama mbele ya mama aliyetoka Maji ya Chai, anayechota maji kila asubuhi, na maneno yanamkauka. Wengine hukimbilia kusema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu sana. Hapo mtu anayefuatilia elimu ya nchi hii huumia, kwa sababu mama yule ndiye jaji aliye karibu zaidi na tatizo kuliko wote waliovaa beji ukumbini. Vyuo vinavyofungulia wanakijiji geti, na kumtaka kila mwanafunzi awe na maelezo ya Kiswahili ya dakika tatu, vinampa mtihani ambao hakuna msimamizi anayeweza kuutunga.

Mama husikiliza mambo ya mkaa wa mifupa mpaka mwisho. Anashika chembe nyeusi, anauliza kama ni mifupa ya ng'ombe tu, maana hapo nyumbani kuna Waislamu. Anajibiwa. Kisha anauliza kuhusu makande: maji yameshachujwa, naye anatia magadi sufuriani ili maharage yaive upesi, je, hiyo floraidi hairudi?

Hurudi. Magadi ya ukanda huu yamepimwa na watafiti na kukutwa yana floraidi, na bango linalohesabu maji ya kunywa peke yake limeacha chungu kizima nje ya hesabu. Mwanafunzi mwenye busara hataharakisha jibu. Atafungua daftari, aandike swali na tarehe, na Jumamosi aende soko la Tengeru kununua magadi ya kila muuzaji, kila mfuko na alama yake, ayapeleke maabara.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu hataza: mbunifu afanye nini kabla ya kuweka kazi yake hadharani.