CHOO CHA JIRANI YAKO

Ndugu msomaji, huenda wewe umekwisha kuchimba choo. Kina shimo refu na mfuniko, na watu wote wa nyumbani wanakitumia. Hongera. Sasa tazama nyumba ya pili. Humo anakaa bibi kizee. Hana nguvu za kuchimba, na wanawe wako mbali. Yeye hujisaidia kichakani, nyuma ya nyumba.

Nzi hutua kichakani hapo, kisha huruka. Nzi haulizi mpaka wa shamba. Atatua juu ya ugali wa watoto wako. Mvua ikinyesha, uchafu husombwa mpaka kisimani. Hivyo kuharisha na kipindupindu huingia hata katika nyumba yenye choo kizuri.

Basi jitolee. Tafuta wenzako watatu wenye majembe na sururu. Chagueni siku ambayo kazi za shamba si nyingi. Msingoje siku ya mgeni wa wilaya. Wapo watu wanaoshika jembe siku hiyo tu!

Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kisima kisiwe upande wa chini wa mteremko. Shimo lisifike kwenye maji. Udongo wa mchanga hubomoka, kwa hiyo jengeeni kuta za shimo kwa miti au mawe. Mtu asichimbe peke yake. Udongo ukimwangukia, nani atamtoa? Wekeni mfuniko wa mbao. Tena simikeni mti imara kando ya tundu, bibi apate mahali pa kushika anapoinuka.

Karibu na mlango tundikeni kibuyu chirizi. Dumu dogo la plastiki linatosha. Litoboeni tundu dogo upande wa juu, mlitundike, kisha mfunge kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti chini. Bibi akikanyaga kijiti, dumu litainama na maji yatachirizika. Sabuni iwe hapo hapo.

Kazi kama hii si ngeni nchini Tanzania. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Wengi wao walikuwa wasomaji wapya.

Labda mzee mmoja atasema, "Mababu zetu waliishi bila vyoo." Mjibu kwa heshima: "Kweli, mzee. Lakini mababu wengi walikaa mbalimbali. Sisi leo tunakaa nyumba kwa nyumba, na kisima chetu ni kimoja."

Leo jioni pita kwa bibi, umsalimie. Muulize angependa choo chake kikae upande gani.