Mageuko ya Binadamu na Mlo wa Watu wa Mto Tana

Kinakomba, kama sehemu nyingine za bonde la Mto Tana kati ya Hola na Garsen, ni nchi ya kilimo cha mafuriko: mto hujaa na kuacha tope lenye rutuba kingoni, na maji yanapopungua Wapokomo hupanda mpunga, mahindi na migomba katika udongo uliolowa, huku wakivua kambare katika vidimbwi vilivyobaki nyuma. Jirani zao Waorma huishi kwa ng'ombe, ambao wakati wa kiangazi huteremshwa mtoni kupitia malka, yaani njia za mifugo za kuyafikia maji, na Wawata, ambao wengine huwaita Wasanye, walijulikana kwa uwindaji na kurina asali. Kwa kuwa jamii hizi zimeishi kando ya mto mmoja kwa milo isiyofanana, bonde hili linafaa sana kulipima swali linaloulizwa siku hizi na wataalamu wa afya: je, historia ndefu ya mageuko imeuandaa mwili wa binadamu kwa chakula gani na kwa maisha gani?

Mageuko ni mabadiliko ya tabia za kurithi yanayotokea vizazi kwa vizazi, na njia yake kuu ni uteuzi asilia, ambapo mwenye tabia inayomsaidia kuishi na kuzaa huacha watoto wengi kuliko mwenzake. Mwaka 1985 madaktari wawili wa Marekani, S. Boyd Eaton na Melvin Konner, walitoa hoja kwamba kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo hutokana kwa sehemu kubwa na mwachano baina ya mwili uliokomaa katika enzi za uwindaji na mlo wa viwandani. Hoja hiyo ina uzito, lakini wengi walioipokea waliigeuza kuwa orodha ya vyakula vya mababu, na hapo ndipo ilipopotoka.

Orodha kama hiyo haiwezi kuandikwa Kinakomba. Mahindi yalitoka Amerika na hayakufika pwani hii kabla ya miaka ya 1500, ilhali mpunga unaolimwa kingoni, ndizi na maembe vyote vina asili ya Asia. Binadamu, kwa upande wake, amekuwapo pwani hii tangu kale mno, kwani katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walifukua kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Chakula kinachoitwa cha asili leo ni cha juzi kikipimwa kwa urefu wa historia hiyo, na bado kimewalea watu wenye afya.

Wala mwili wenyewe haukusimama. Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa na laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa tumboni, lakini kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, hata maziwa mabichi yakawaletea gesi na kuhara. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa jamii za Afrika Mashariki, hasa za wafugaji, yapo mabadiliko ya jeni yanayodumisha laktesi hadi utu uzima, nayo si yale ya Wazungu. Yalizuka yenyewe na kuenea katika miaka elfu chache tu. Kwa hiyo bilauri ileile ya maziwa yaweza kumshibisha mtu mmoja na kumsumbua mwenziwe, na ushauri mmoja wa lishe kwa kaunti nzima ni ushauri mbaya.

Kilichokuwa cha wote, tangu pangoni hadi shambani, ni kuutafuta mlo kwa jasho na kuula bila kukobolewa. Asali, kwa mfano, ilipatikana kwa kupanda mti na kuvumilia nyuki, ndiyo maana tamaa ya utamu haikuhitaji breki. Leo sukari hupimwa dukani kwa kilo. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao baadhi yao bado huwinda na kuchimba mizizi, hufanya kazi za kutoa jasho kwa zaidi ya saa mbili kwa siku. Hata hivyo Herman Pontzer na wenzake, waliowanywesha maji yenye atomi nzito zinazofuatika katika mkojo, waliripoti mwaka 2012 kwamba nishati wanayotumia kwa siku, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, haizidi ya Wamarekani na Wazungu. Basi faida ya mazoezi haimo hasa katika kupunguza uzito: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na moyo huimarika, hata kama mizani haikusogea.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Tana umetoka kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2020 Amanda Lea na wenzake walichapisha vipimo vya Waturkana zaidi ya 1,200, na ikaonekana kwamba walioacha ufugaji wakabaki vijijini hawakutofautiana sana na wafugaji, bali waliohamia mijini ndio waliokuwa na afya mbaya ya moyo na sukari. Tena kukulia mjini utotoni kuliongeza madhara hayo ukubwani.

Matokeo hayo yanaonyesha pa kuanzia. Mama anayelima kwa jembe Kinakomba hahitaji kuhubiriwa mazoezi. Anahitaji maji safi, kinga ya malaria na chakula mafuriko yanapomharibia shamba, kwani maisha ya mababu hayakuwa na dawa za kisasa wala chanjo. Wanaopaswa kusikia ni wazazi wa Hola na Garsen, ambako bodaboda imechukua nafasi ya miguu na unga mweupe nafasi ya unga usiokobolewa. Mtoto na aende shule kwa miguu palipo salama, ale sima ya unga usiokobolewa pamoja na mboga na samaki wa mtoni, na soda isiwe kinywaji chake cha kila siku.