Simu inavyouvuta mwezi, na pale inapoanza kubuni

Kila Ramadhani au Idi inapokaribia, makundi yetu ya WhatsApp hapa Pwani hujaa picha za mwezi. Siku hizi picha hizo ni safi ajabu, na wako wanaozichukua kuwa ushahidi wa mwandamo. Kabla hatujaziamini wala kuzikataa, naona ni vyema tujue simu inazipata vipi.

Ili kitu cha mbali kionekane kikubwa, mwanga unaopita kwenye lenzi lazima usafiri masafa marefu kidogo kabla ya kufika kwenye sensa, yaani kile kibamba kinachopokea picha badala ya filamu ya zamani. Ndiyo maana wapiga picha za mpira hubeba lenzi ndefu kama mkono. Simu nayo ina unene wa milimita 8 hivi. Lenzi ndefu itakaa wapi?

Dawa yake ni kuilaza. Nyuma ya kidirisha cha kamera, ambacho aghalabu huwa cha mraba, huwekwa kipande cha kioo chenye pembe tatu. Mwanga hukigonga, hupinda nyuzi 90, kisha hupita kwenye lenzi zilizolala ubavu ndani ya simu hadi kwenye sensa. Ni mbinu ya lile bomba la nyambizi linalomwezesha nahodha aliye chini ya maji kuona yaliyo juu. Huawei P30 Pro ya 2019 iliipa umaarufu kwa kuvuta mara 5, na Samsung Galaxy S21 Ultra ya 2021 ikafika mara 10.

Hiyo ndiyo kazi ya lenzi yenyewe. Tangazo likikwambia mara 100, zilizozidi ni za programu: simu hukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi. Sufuria hujaa, lakini nyama ni ile ile.

Tena lenzi hii hupokea mwanga mdogo kuliko ile kuu. Magharibi ikiingia, saa ya kuutafuta mwezi, simu nyingi huiacha kimya kimya na kutumia kamera kuu. Jaribu mwenyewe: vuta mara 5, kisha ziba kile kidirisha kwa kidole. Picha isipoingia giza, inatoka kwenye kamera nyingine. Jaribio hilo lifanye pia dukani, mchana, ukilenga kitu cha mbali, kabla hujatoa pesa zako.

Kubwa zaidi ni hili. Machi 2023, mtumiaji mmoja aliififisha picha ya mwezi mpaka mabonde yake yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa mwezi wenye mabonde. Kampuni ilieleza kuwa akili mnemba yake imefundishwa maumbo ya mwezi, kuanzia hilali hadi mwezi kamili, na ikiutambua huongeza undani. Pia ilisema kipengele hicho kinaweza kuzimwa.

Hii haina maana kwamba simu hupachika mwezi kwenye mbingu tupu. Maana yake ni kwamba si kila unachokiona pichani kimepita kwenye lenzi.

Hukumu ya fiqhi nawaachia masheikh na Kadhi. Langu ni ombi: anayeleta picha aulizwe. Je, aliuona kwa macho yake? Wapi, saa ngapi, upande gani? Alivuta mara ngapi, na je, kile kipengele alikizima? Miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham wa Basra alifundisha katika Kitab al-Manadhir kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kipimo hicho kingali kizuri: kilichokuja na mwanga tukipokee, kilichotungwa na simu tukiweke kando.